Maji Hayapandi Ngazi

Jumatatu, 4 Agosti

Daktari wa mifupa ameniambia niandike kila siku goti linavyokuwa, ili nikirudi kwake baada ya miezi mitatu asome mwenyewe badala ya kusikiliza porojo zangu. Daftari nimepewa na Sista wa wodi. Lina mistari ya kuandikia uzito wa watoto wachanga. Haya, na mimi niandikwe humo.

Mimi ni mhudumu wa wodi ya wazazi, ghorofa ya pili. Kiangazi kikiingia, maji ya bomba la mji yanatufikia asubuhi mapema tu, kabla watu hawajaamka, kisha yanakata. Yanabaki yale ya tangi la uani, na hayo hayafiki juu. Nayabeba. Ndoo ya lita ishirini, ngazi arobaini na nne. Daktari ameniambia nikiendelea hivi goti halimalizi mwaka.

Nikamwambia sina mzigo mmoja. Mume wangu alipooza upande wa kulia mwaka jana. Asubuhi namwinua kukaa, namwinua kumwogesha, jioni namlaza. Watoto wako mbali na jirani anakuja mchana tu kumpa uji. Goti likifa, nani atamwinua? Daktari aliangalia dirishani, akaniambia niandike.

Goti: linauma. Safari: 14.

Jumanne, 5 Agosti

Linauma. Safari 14.

Jumatano, 6 Agosti

Linauma. Safari 17. Mapacha.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimerudi nimechoka hadi kope. Nikamwinua mume wangu, mgongo ukalia, nikasema kwa sauti, "Kila kitu katika dunia hii kinanivutia chini!"

Alicheka. Anacheka upande mmoja wa mdomo siku hizi. Wote humwita Mwalimu, na mimi pia. Alifundisha fizikia miaka thelathini na moja. Maneno yanamtoka moja moja.

"Si kila kitu," akasema. "Dunia tu. Vingine... vinavuta kidogo mno."

"Vingine vipi?"

"Kila kitu kinavuta kila kitu. Kikombe kinavuta meza. Meza inakuvuta wewe. Ila ni vidogo. Dunia ni kubwa, ndiyo maana unaisikia hiyo tu."

Nikamwambia kwa miaka thelathini na moja alikuwa anawaeleza watoto wa watu mambo haya, mimi nikimpigia pasi mashati, na hakuwahi kunieleza hata siku moja.

"Hukuuliza, bibie."

"Sikuwa na nafasi ya kuuliza."

Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa namfuta miguu.

Linauma. Safari 14.

Jumatano, 13 Agosti

Linauma sana. Safari 15. Sista wa wodi, tunayemwita Kipimo kwa kuwa hupima hata sabuni ya kunawia, ameniambia ndoo zangu hazijai. Nikashuka kuongeza. Yule mama moyo wake umepigwa deki ukakauka.

Jumatatu, 18 Agosti

Kikao cha wafanyakazi wote na Msimamizi wa hospitali. Nilipiga moyo konde nikasimama. Nikasema tangi la uani ni dogo, halina nguvu ya kusukuma maji mpaka juu, tunaomba tangi kubwa. Watu wakapiga makofi. Sijawahi kupigiwa makofi.

Fundi wa bomba, huyu tunayemwita Koki, akainua mkono kule nyuma. "Si ukubwa," akasema. "Ni urefu. Hilo hilo dogo lipandisheni juu ya paa."

Msimamizi akamuuliza kama anataka paa lituangukie. Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka. Koki ni mtu wa kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kutazama kuta. Tukajua anakwepa kazi ya kuunganisha tangi jipya. Tukatia saini barua. Jina langu ni la kwanza.

Nyumbani nikamsimulia Mwalimu nikiwa meno nje. Hakucheka. Akafumba macho akasema, "Koki anasema kweli." Nikamwambia yeye hajaliona jengo wala tangi, na Koki hajawahi kubeba ndoo hata moja. Nikamlaza kwa haraka kuliko kawaida.

Linauma. Safari 14.

Alhamisi, 21 Agosti

Linauma. 14.

Jumapili, 24 Agosti

Siku ya mapumziko yangu. Mwalimu akaniambia nichukue mche mzima wa sabuni na kipande kilichobaki bafuni, nipande juu ya kiti, niviachie pamoja. Nikamwambia goti langu na viti havipatani. Akasema basi hapo hapo niliposimama.

Nikaviachia. Vikagonga sakafu mara moja. Nikarudia mara tano, nikidhani mkono wangu unafanya hila.

"Lakini huu ni mzito," nikasema. "Dunia inauvuta zaidi."

"Inauvuta zaidi. Ila na wenyewe ni mgumu zaidi kusogezwa. Basi vinakwenda sawa."

Nilikaa na hilo siku nzima. Kitu kizito kinavutwa sana na kinakataa sana. Namjua mtu wa namna hiyo. Jioni nilipomwinua nilimwomba radhi kwa Jumatatu ile.

Ijumaa, 29 Agosti

Tangi limekuja. Jeusi, kubwa kama chumba cha kulala, pana hata lori lilikwaruza lango. Msimamizi alilipiga kofi ubavuni kama mtu anayesifia ng'ombe wake. Lakini urefu wake si mkubwa kuliko wa lile la zamani, na litakaa palepale, juu ya tofali tatu. Nililiona hilo nikajitia hamnazo.

Safari 16. Goti sitaki kuliandika.

Jumatatu, 8 Septemba

Leo limefunguliwa. Sote tulipanda wodini, mama mmoja mwenye mtoto wa siku mbili akapewa heshima ya kufungua koki. Bomba likakohoa. Likatoa hewa. Likatoa tone moja lenye kutu, kisha kimya.

Mtoto akapiga chafya. Hakuna aliyecheka.

Msimamizi akamgeukia Koki. Akasema mabomba yameziba kwa sababu fundi hakai macho kazini ila anasinzia, ana wiki mbili kuyafungua yote na kuyasafisha, na baada ya hapo kama maji hayaji atafute kazi kwingine. Koki alifuta mikono yake, iliyokuwa mikavu, akashuka.

Kipimo akanitazama. "Mama," akasema, "ndoo."

Safari 14. Nilipokuwa nashuka ya mwisho nilimkuta Koki amekaa kwenye ndoo yake uani. Nilitaka kumwambia kitu nikapita.

Jumanne, 9 Septemba

Linauma. 15.

Jumatano, 10 Septemba

Nimemwomba Koki ule mpira wake wa kupitishia maji, wa plastiki unaoonyesha maji ndani. Hakuniuliza wa nini. Alinipa na akaukunja vizuri kwanza.

Nyumbani nilijaza beseni pana nikaliweka sakafuni karibu na kitanda. Mwalimu akanielekeza. Nikatumbukiza mpira wote ukajaa, nikaziba ncha moja kwa kidole, nikaitoa nje na kuiinua juu, kisha nikaachia. Maji yakashuka ndani ya mpira mpaka usawa wa maji ya beseni, yakatulia pale. Nikamwaga beseni nikajaza kopo jembamba la maziwa kufikia kimo kile kile. Nikarudia na mpira, yakatulia pale pale. Pana, jembamba, yote sawa.

"Lakini beseni lina maji mengi! Hayasukumi?"

"Yanasukuma chini. Yale ya pembeni yamekalia sakafu ya beseni," akasema. Alikuwa anatoka jasho kwa kusema. "Yanayosukuma mpira ni yale yaliyosimama juu ya tundu lake. Kimo tu. Maji hayana hamu ya kupanda, bibie. Yana hamu moja, kushuka. Ukitaka yafike juu... yaweke juu zaidi, halafu yaachie."

"Na asubuhi mapema yanafikaje wodini?"

"Tangi la mji liko wapi?"

Liko kilimani. Nimeliona maisha yangu yote. Watu wakiwa wamelala koki zao zimefungwa, na kimo chote cha kilima kinatusukumia sisi. Watu wakiamka wanagawana.

Nilikaa chini sakafuni penye maji. Kwa hiyo tangi dogo la zamani likiwa juu ya paa lingejazwa alfajiri na kilima, bure, kisha lingetushushia siku nzima. Koki alisema hivyo kwa maneno machache tukamcheka. Mimi nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wengine, kwa sababu nilikuwa nimetoka kupigiwa makofi. Naona haya.

Ijumaa, 12 Septemba

Nilimfuata Koki uani nikamwomba msamaha. Akasema, "Yamepita, mama yangu. Mimi ni fundi tu, nani ananiuliza?"

"Mimi nakuuliza."

Akatutengenezea onyesho: pipa limejaa maji chini ya ngazi, mpira umefungwa ubavuni mwake, ncha ya pili imepandishwa mpaka ngazi ya ishirini. Hakuna kitu. Kisha galoni ndogo ya mafuta ya kupikia iliyojazwa maji, imewekwa dirisha la ghorofa ya pili, mpira ukishuka hadi ngazi ile ile. Maji yakatoka kwa kasi yakamlowesha Kipimo, ambaye sikujua amesimama nyuma yetu.

Nikasubiri kufokewa. Alijifuta uso kwa kitambaa, akatazama galoni, akatazama pipa. "Rudieni," akasema. Tukarudia. Akaenda mwenyewe kumwita Msimamizi.

Msimamizi alitazama huku akiangalia saa. Nikamweleza. Nilisema yote, kimo, tundu, kilima, na sauti haikunitetemeka mpaka mwisho. Akasema, "Mama, wewe ndiye uliyeomba tangi kubwa. Barua ninayo, jina lako la kwanza. Sasa umekuwa mhandisi?"

"Nilikosea," nikasema.

Akasema atalifikiria. Najua maana yake.

Linauma. Safari 14, na zote nilizipanda nikiwa na hasira, ambayo haipunguzi uzito wa ndoo hata kidogo.

Jumanne, 16 Septemba

Linauma. 14. Koki anafungua mabomba yasiyoziba.

Jumamosi, 20 Septemba

Saa kumi jioni mwezi ulionekana dirishani kwetu, mweupe. Nikamuuliza Mwalimu, kama dunia inavuta kila kitu, ule mbona hauanguki?

"Unaanguka. Kila siku. Ila unakimbia pembeni vilevile, kwa hiyo unaikosa dunia. Unaanguka ukizunguka."

Nikasema maskini, na haufiki. Kisha nikamuuliza swali lililokuwa linanikera: dunia inatuvuta kwa nini? Iko kamba gani?

"Kaa hapa kitandani," akasema. Nikakaa ukingoni. Godoro letu ni la zamani, likabonyea, naye akaviringika kidogo akanigusa.

"Umenivuta kwa kamba?" akauliza.

"Hapana."

"Umebonyeza mahali nilipolala. Wanasema kitu kizito kinapinda mahali penyewe, na wakati pia, na vingine vinafuata mpindo. Huu ni mfano tu. Usiushike sana. Ukiniuliza kwa nini kinapinda, mimi sijui. Nilikuwa nawaambia wanafunzi naijua graviti, yaani mvuto huu. Najua inavyofanya tu."

Nikamwambia hata mimi nimeishi naye miaka thelathini na minne najua anavyofanya tu.

Jumatatu, 22 Septemba

Linauma. 16. Muda wa Koki umekwisha, mabomba ni safi na maji hakuna. Amepewa wiki mbili nyingine baada ya Kipimo kuingia ofisini na kufunga mlango. Sikujua anaweza kumtetea mtu.

Ijumaa, 26 Septemba

Safari ya tisa, ngazi ya thelathini na moja. Goti lilitoa sauti kama mtu aliyekanyaga kijiti. Sikuhisi kuumwa kwanza, niliona tu maji yanashuka ngazi zote kwa furaha, na mimi nyuma yake. Ndoo ilifika chini kabla yangu. Au pamoja nami, Mwalimu angejua.

Kipimo alishuka mbio. Alinishika kichwa mapajani mwake, chini pale penye maji, na alikuwa analia. Mimi sikulia.

Jumamosi, 27 Septemba

Mguu umefungwa kuanzia paja. Wiki sita bila kukanyagia, kisha wataona. Wamenileta nyumbani jana kwa gari la wagonjwa na Koki akanibeba hadi ndani.

Leo asubuhi ndipo lilipofika lile nililokuwa naliogopa. Tumeamka wawili, hakuna wa kumwinua mwenzake. Jirani haji mpaka mchana. Mwalimu alihitaji kukaa, ilikuwa haja ya haraka, na asingeweza kungoja. Nilijiburuta mpaka upande wake, nikajaribu kumwinua mabega nikiwa nimekaa. Nilishindwa mara tatu. Mara ya nne tukaanguka wote chali. Nikalia kwa sauti, nikamwambia nimechoka, nimechoka naye, nimechoka na ndoo na dunia yote na mvutano wake. Nilisema hivyo. Naliandika ili lisije likajifanya halikusemwa.

Hakuudhika. Alikuwa anatazama dari, midomo ikitembea kama alipokuwa akiandaa somo.

"Tumekuwa tukikosea," akasema. "Unainua kichwa. Upande mzito. Miguu umeiacha kitandani, nayo inakuvuta." Akapumua. "Nigeuze ubavu. Ukingoni kabisa. Magoti nikunje. Halafu... miguu iangushe nje ya kitanda. Usiinue kitu."

Kumgeuza ubavu hakuhitaji nguvu, anaviringika. Nikamkunja magoti, nikaisukuma miguu yake nje ya ukingo. Ikashuka. Na ilipokuwa inashuka, mabega yake yakaanza kupanda yenyewe. Akasukuma godoro kwa mkono wake wa kushoto, ule mzima, nami nikamtegemeza mgongo kwa kiganja kimoja tu. Akakaa.

Tulitazamana midomo wazi.

"Mwaka mzima," akasema. Uso wake wote ulitetemeka, hata upande uliokufa. "Mwaka mzima nimelala hapa nafundisha mwezi, na mke wangu ananibeba kama gunia. Goti lako nimelimaliza mimi. Sikufikiri."

Nikamwambia hata mimi niliomba tangi kubwa. Kisha nikamsukumia chombo chake kwa mguu mzima, maana haja haikuwa imesahau.

Jumatano, 1 Oktoba

Naumwa. Safari hakuna. Mwalimu tumemkalisha mara nne kwa njia ya miguu. Ya nne sikumgusa mgongo.

Jumatatu, 6 Oktoba

Koki amekuja kutujulia hali, akatusimulia. Tangu nianguke hapakuwa na wa kubeba maji, wahudumu wote wakakataa ngazi zile. Kipimo akayabeba mwenyewe, siku sita, akiwa na sare yake nyeupe. Siku ya saba akina mama wanne walikuwa na uchungu kwa pamoja. Akashuka mpaka ofisi ya Msimamizi, akaweka ndoo iliyojaa juu ya meza, juu ya karatasi, akamwambia, "Hii moja tu, bosi. Ipandishe."

Watu walikuwa wamekusanyika mlangoni. Msimamizi akaipandisha. Koki anasema ngazi ya ishirini alilegeza tai. Ya thelathini na moja akasimama, akaiangalia. Ghorofa ya pili alikaa chini sakafuni kando ya kitanda cha mzazi, mzazi akampepea kwa kadi ya kliniki.

"Kesho yake asubuhi akaniita," Koki akasema. "Akaniuliza, lile tangi dogo, kamba unayo?"

Nilicheka hadi mguu ukaniuma. Nilimhukumu Kipimo kwa vipimo vyake vya sabuni. Alikuwa anapima kwa sababu kilichokuwepo kilikuwa kidogo, na nisingejua, mimi nilikuwa naangalia ndoo zangu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Saa nne asubuhi simu imelia. Kipimo. Hakusalimia.

"Mama, sikiliza," akasema, kisha sauti yake ikaondoka.

Kwanza nilisikia wodi: kitoto kinalia, mtu anavuta kitanda. Halafu koki ikakwaruza, ikakohoa. Halafu maji. Yalikuwa yanagonga sinki kwa nguvu, hayakatiki. Nikaweka simu sikioni kwa Mwalimu. Akasikiliza akiwa amefumba macho.

"Yanatoka juu," akasema.

Nililia sana, sijui kwa furaha au kwa goti langu ambalo lingekuwa zima kama tungemsikiliza mtu wa nyuma ukumbini. Vyote viwili. Kipimo aliacha maji yatiririke muda mrefu, yeye ambaye hupima sabuni.

Jumatatu, 13 Oktoba

Daktari, ukifika hapa, haya ndiyo matokeo. Goti: linauma. Safari za maji: hakuna, na hazitakuwepo.

Nilikuwa jikoni na magongo yangu, nikingoja chai ichemke. Niliposogea mlangoni kumuuliza Mwalimu kama anataka sukari, nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu chini, anatazama dirishani. Hakuna aliyemwinua.